Usipande ndege kabla hujajua kupika choroko

Wadau wa Tanga, Dar, Mombasa na kote mnakonitazama, shikamooni wakubwa, mambo vijana! Leo niko jikoni kwangu hapa Leicester, Uingereza, choroko ziko motoni. Zikiwa zinaiva, acha niwape stori ya mama mmoja, Madhur Jaffrey.

Mama huyu kazaliwa Delhi mwaka 1933, na miaka ya hamsini akaja London kusomea uigizaji pale chuo cha RADA. Kupika? Hajui kabisa. Kwao kulikuwa na wapishi, na shuleni mtihani wa upishi alifeli! Sasa kafika Uingereza, kakutana na chakula cha kantini, kikamshinda. Akamwandikia mama yake: nifundishe. Mama akawa anamjibu kwa barua, mapishi ndani yake. Hebu fikiria, kitunguu kiko kwenye mafuta sasa hivi na mwalimu wako yuko Delhi anasubiri posta.

Uigizaji nao haukumtupa, maana 1965 alichukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin. Ila jina lake limekaa jikoni. Kitabu chake cha kwanza cha mapishi kilitoka 1973, na 1982 BBC wakampa kipindi. Inasimuliwa kwamba alipika kuku wa limau na majani ya giligilani, kesho yake giligilani ikaadimika madukani Manchester. Watu walizima tivii wakaenda kununua, wakapika wenyewe kwao. Mimi hiyo naihesabu kuliko tuzo.

Ninyi mna WhatsApp, na bado nikiwauliza vijana wanaokuja huku kusoma, wengi wanajua chai na mayai. Halafu sahani ya wali na kuku mgahawani ni pauni kumi na kitu, kila siku utaweza? Mpigie mama akiwa anapika. Najua, kamera ataielekeza darini, utaona feni dakika ishirini, mwombe tu mdogo wako aishike simu. Na mama akisema "weka chumvi ya kutosha," usikubali yaishe hapo. Muulize kijiko kipi, kijae au kisijae.

Haya, choroko zimepasuka. Nimeshakaanga kitunguu maji, saumu, nyanya, manjano na bizari nyembamba mpaka mafuta yakajitenga, mnaona pembeni pale? Hapo ndipo namimina choroko. Sasa tui. Nazi ya kukuna sina, nina kopo la kutoka Belgrave Road, mtaa wenye maduka ya Wahindi, na wengi wao familia zao zilitokea Uganda na Kenya, kwa hiyo hata muhogo unapata. Kopo msilitikise! Likitulia, juu panaganda tui zito, chini linabaki jepesi. Tobolea pembeni, mwaga jepesi kwanza, lichemke na choroko. Zito linaingia mwisho, moto mdogo, na mwiko usipumzike, lisije likakatika.

Najua mtaniuliza vipimo kwenye komenti. Kikombe kimoja kikubwa cha choroko kavu, kopo moja la tui, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, halafu uonje. Wali umeshakauka, mimi napakua. Atakayepika leo aniwekee picha, hata kama zimeungua.