Betri Tatu kwa Miezi 14: Kuusaka Umeme Unaopotea Njiani

Mabibi na mabwana, wenzangu wa barabarani, habari za mchana. Nawashukuru wazee wetu wa chama kwa kunipa nafasi hii. Nimekuja na vitu viwili tu: mita ya umeme na plagi hii mkononi, ile ya kuunganisha nyaya za chaji. Naomba ipitishwe mkono kwa mkono, kila mtu aitazame. Kwenye pini ya pembeni plastiki imegeuka kahawia na kuyeyuka kama nta. Plagi hii ndogo kuliko kidole gumba imenila betri tatu na rektifaya mbili, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, katika miezi 14.

Pikipiki yangu mnaijua, ya safari ndefu, ina masanduku matatu na uzito wake unapita kilo 250. Mara ya kwanza ilinigomea Mtera, nikitoka Dodoma kwenda Iringa, jua linazama. Nilisimama kunywa maji, kurudi nikabonyeza stata, ikalia "tik" moja basi. Fundi akasema betri imekufa, na kweli ilikuwa imekufa. Nikanunua mpya. Miezi minne baadaye nimekwama tena, safari hii chini ya mlima Kitonga, malori yananipita huku nimeshika tochi kwa meno. Betri tena. Fundi wa pili akabadilisha na rektifaya. Ikatulia wiki kadhaa, kisha mambo yakawa yale yale.

Mafundi wale hawakunidanganya, na sitaki mtu atoke hapa akiwasema. Betri zilikuwa zimekufa kweli. Tatizo ni kwamba tulizika bila kuuliza kilichoua. Na kila mara chaji ilipimwa, mita ikasoma volti 14.1, tukaambiana chaji ipo. Lakini ilipimwa asubuhi, injini ya baridi, dakika mbili, taa zimezimwa. Pikipiki yangu haikuwahi kuugua asubuhi! Iliugua baada ya saa moja na nusu ya mwendo, taa kubwa na za ukungu zinawaka, simu inachajiwa, jua linachoma. Homa inayopanda usiku huwezi kuipima adhuhuri ukamwambia mgonjwa mzima.

Kilichonitoa gizani ni daftari. Nilianza kuandika kila ilipogoma: saa ngapi, nimeendesha muda gani, mvua au jua, taa zipi zilikuwa zinawaka. Mara ya nne nikaona kwamba haijawahi kugoma ikiwa baridi, na haijawahi kugoma siku nisiyowasha taa za ukungu. Ukiona hivyo, acha kununua vifaa, anza kutafuta mahali panapopata joto na panapopitisha umeme mwingi.

Basi nikaendesha kutoka Morogoro hadi Mikumi taa zote zikiwaka. Nikasimama, sikuzima injini. Nikapandisha mizunguko hadi 4000 kwa dakika, nikaweka mita kwenye vichwa vya betri. 12.9. Hiyo si chaji. Betri nzima iliyokaa tu bila kufanya kazi inasoma kama 12.7. Inayochajiwa vizuri inataka kati ya 13.8 na 14.5. Nikahamisha mita hadi kwenye rektifaya yenyewe, pale waya unapotokea: 14.3. Rektifaya ilikuwa inapika chakula chote, lakini mezani kinafika pungufu. Volti 1.4 zimepotea kwenye nyaya zisizofika hata mita moja.

Hiki ndicho kipimo ninachotaka mwondoke nacho, naomba mnisikilize kwa makini. Injini inaunguruma, taa zote zinawaka. Mdomo mmoja wa mita uguse waya chanya unapotoka kwenye rektifaya, wa pili uguse chanya ya betri. Unachosoma ndicho kilichopotea njiani. Kwangu kilikuwa 0.9. Kisha fanya hivyo upande wa hasi, kutoka hasi ya rektifaya hadi hasi ya betri. Kwangu 0.5. Njia nzima haitakiwi kuzidi 0.2 kila upande. Wengi hupima waya kwa kuangalia kama mita italia "piii", wakaridhika. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya thelathini utaifanya mita ilie vizuri kabisa, lakini hauwezi kubeba ampea 20.

Upande wa chanya, kosa lilikuwa plagi hii. Kwa nini iliungua? Pini zikilegea kwa mtikisiko au zikishika kutu, zinaleta ukinzani, yaani zinauzuia umeme kupita. Chukua ukinzani mdogo mno, omu 0.1, upitishe ampea 20. Unapoteza volti 2, na pale pale kwenye pini panazaliwa joto la wati 40. Fundi redio aliyepo hapa atawaambia, wati 40 ni pasi ya kulehemu. Sasa iweke pasi ya kulehemu ndani ya plagi ya plastiki chini ya kiti, uende nayo Mbeya. Joto linalegeza pini, pini iliyolegea inazidisha joto. Ikipoa inashika tena, ndiyo maana asubuhi kila kitu kizima. Rektifaya nayo haikujua lolote, kwa sababu kwangu inapima volti pale pale ilipo. Yenyewe inaona 14.3 na kuridhika, huku betri inakufa njaa taratibu.

Upande wa hasi, kosa lilikuwa boliti ya ethi, ile inayounganisha waya wa hasi na fremu, iliyofungwa juu ya rangi. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Plagi niliikata, nikabana terminali mpya kwa koleo lake maalumu, waya mnene zaidi. Nikarudia safari ile ile na taa zile zile: 14.1 ikiwa ya moto. Betri ya nne ndiyo iliyomo mpaka leo.

Dada yangu pale nyuma ameuliza: yake haimsumbui njiani, ila akiiacha siku kumi haiwaki. Huo ni ugonjwa mwingine, asante kwa kuuleta. Zima swichi, fungua hasi ya betri, weka mita ya ampea katikati ya waya na betri. Usiwashe swichi wala kugusa stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Saa ya dashibodi hula miliampea chache. Ukiona 50, hesabu: kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 12 inakwisha kwa siku hizo hizo kumi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi utakuta ni chaja ya simu au king'ora kilichounganishwa moja kwa moja na betri.

Taa zikikatika unapokata kona, angalia nyaya zinazopita shingo ya usukani. Ngozi ya waya inabaki nzima huku shaba ya ndani imekatika. Uvute taratibu, waya mzima haurefuki, uliokatika ndani unavutika kama mpira.

Na wenzangu wa Tanga na Mombasa, chumvi ya bahari inaingia kwenye plagi hata usipokutana na mvua. Ukikuta unga wa kijani kwenye pini, usipulize tu na kurudisha.

Jambo moja linaniuma, lazima niliseme. Nimeona fyuzi ya 15 imetolewa, ikawekwa ya 30, na nyingine imefungwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi inayokatika kila mara inapiga kelele kwamba kuna shoti au mzigo umezidi. Ukiinyamazisha, kinachofuata kuungua ni waya ulioko chini ya tangi la petroli, nawe umekaa juu yake na pengine una mtoto wako nyuma. Tafadhali, jamani.

Sasa tutoke nje. Nimewasha yangu tangu mlipokuwa mnakula, imeshapata moto wa kutosha. Nani analeta ya kwake ya kwanza?