Kila Picha ya Jino na Swali Lake

(Mhadhara wa daktari wa meno kwa wazazi na walimu, Uyole, Mbeya)

Mugonile, wazee wangu, kina mama, walimu. Ahsanteni kwa chai ya tangawizi, maana baridi ya Uyole asubuhi hii haina utani.

Mwalimu mkuu aliponialika alinieleza malalamiko yenu. Mtu ana jino linauma, anakwenda hospitali, anapigwa kapicha ka eksirei, kadogo kama stempu. Jirani yake anakwenda kwingine, mashine inamzunguka kichwa kizima, na analipa zaidi. Nani kahudumiwa vizuri? Nalijibu mapema ili hata atakayewahi daladala ya Mwanjelwa aondoke nalo: picha haiwi bora kwa ukubwa wake. Kila picha ina swali inalolijibu. Ukiipeleka picha kubwa kwenye swali la picha ndogo, utatoa fedha nyingi na kuona kidogo.

Eksirei ni kivuli. Mionzi inapenya shavu na fizi bila taabu, mfupa unaizuia kiasi, gamba gumu la jino linaizuia zaidi, na chuma kinaizuia kabisa. Palipopitisha mionzi panakuwa peusi, palipozuia panakuwa peupe. Kwa hiyo jino lililozibwa kwa dawa ya rangi ya fedha litang'aa, na tundu la kuoza litakuwa jeusi. Nasema hivi kwa sababu wagonjwa wengi wakionyeshwa picha hunyoosha kidole kwenye ule weupe na kuuliza, "Daktari, ugonjwa ndio huu?" Hapana mama, hilo ni zibo lako la zamani, na liko salama.

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi hii Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani. Mapema mwaka 1896, Mjerumani mwenzake Otto Walkhoff alikuwa ameshapiga picha ya meno yake mwenyewe. Alikaa bila kutikisika dakika 25! Leo ni chini ya sekunde moja, na bado kuna mtu atakuambia mate yamemjaa. (Kicheko.)

Tuanze na picha ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo watu wasiyoiomba kamwe: picha ya kung'ata. Unawekewa filamu au kihisio, yaani kifaa kinachopokea picha badala ya filamu, chenye kijibawa, unakibana kwa meno, na picha inatoka na vichwa vya magego ya juu na ya chini kwa pamoja. Mizizi haionekani yote. Sasa ina faida gani? Inaonyesha pale meno mawili yanapogusana, mahali ambapo kioo changu hakifiki wala macho yangu hayafiki. Ninyi ni wakulima wa mahindi, mnajua hindi lililoingiwa na dumuzi: nje punje nzima, ndani unga mtupu. Jino linalooza ubavuni huwa hivyo. Mtoto anatafuna vizuri, halalamiki, halafu siku moja gego linamegeka akila muwa, na mzazi anaulaumu muwa.

Hata picha hiyo ina mpaka wake. Jino likianza tu kuoza, madini yaliyopotea ni machache mno na kivuli hakibadiliki. Ugonjwa ukionekana kwenye picha, mara nyingi jinoni umeshakwenda mbali kidogo kuliko kivuli kinavyoonyesha. Picha hiyohiyo inatuonyesha kimo cha mfupa kati ya meno, kwa hiyo mwenye fizi zinazotoka damu tunamwangalia mfupa umeshuka kiasi gani.

Ya pili ni picha ya mzizi. Hii inachukua jino zima, kichwa hadi ncha ya mzizi, na mfupa kidogo unaolizunguka. Ukija na jino linalokuamsha usiku, picha yako ni hii. Jipu la muda mrefu huonekana kama doa jeusi kwenye ncha. Tukitaka kusafisha mzizi, kile mnachokiita kuua mshipa, bila picha hii tunapapasa gizani: hatujui mizizi mingapi, imepinda wapi, ina urefu gani. Na kabla ya kung'oa jino lenye mizizi iliyojikunja, picha hii hutuepusha kuvunjia kipande ndani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo ugomvi hutokea. Mtu ana maumivu makali tangu juzi, akigusa jino anaruka. Tunapiga picha, ncha ya mzizi ni safi. Anaona daktari hajui kazi. Mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake ndipo doa lionekane, na hilo huchukua muda. Usaha wa siku mbili unaweza kuuma kuliko wa miaka miwili na usiache alama yoyote. Ndiyo sababu daktari anakugonga jino kwa kishikizo cha kioo na kulijaribu kwa kitu cha baridi. Anayetibu picha peke yake bila kumgusa mgonjwa, mimi simwamini.

Kuna picha ya tatu inayowekwa bapa katikati ya meno ya juu na ya chini, unaing'ata kama biskuti. Hiyo tunaitumia kutafuta jiwe kwenye mfereji wa mate chini ya ulimi, au jino la ziada lililojificha kwenye kaakaa. Si ya kila siku.

Sasa ile mashine inayozunguka. Inatoa taya zote mbili kwenye picha moja, viungo vya taya karibu na masikio na sehemu ya chini ya uwazi wa mashavuni. Vijana wa bodaboda, hii ndiyo picha yenu. Mtu ameanguka, kidevu kimechanika, anashonwa na kurudishwa nyumbani. Kumbe taya la chini mara nyingi huvunjika sehemu mbili: pale palipopigwa, na upande wa pili karibu na sikio, ambako hakuna hata mchubuko. Tunaitumia pia kwa uvimbe wa taya, ambao watu wetu hukaa nao mpaka uso unageuka, na kwa magego ya mwisho yaliyolala.

Kwa watoto inaonyesha meno ya ukubwani yaliyo njiani. Na hapo naona jambo linaloniudhi. Mtoto mchanga aliharisha, ikasemwa ana meno ya plastiki, fizi ikachokonolewa. Kilichotolewa ni kichipukizi cha chonge. Miaka inapita, tunapiga picha, na chonge ya ukubwani imeharibika umbo au haipo. Kuharisha kunahitaji maji yenye chumvi na sukari ya pakiti na zahanati, si kisu.

Ukiitwa kwenye mashine hiyo, vua hereni, mkufu, pini za nywele au za mtandio, na meno ya bandia. Hereni ya kushoto hutokea tena upande wa kulia, juu zaidi, ikiwa na ukungu, na inaweza kufunika kitu. Kwa tundu dogo kati ya meno mashine hii ni hafifu, haina makali ya picha ya kung'ata.

Picha ya ubavu wa kichwa ni ya wanaowekewa waya wa kupanga meno. Ile ya pande tatu, inayomwezesha daktari kukata taya vipande kwenye kompyuta, inafaa pale gego linapokaribia mshipa wa fahamu wa taya la chini, au kabla ya kupandikiza jino. Mionzi yake ni mingi zaidi, kwa hiyo haipigwi kwa kujifurahisha.

SWALI (mama, safu ya nyuma): Nina mimba, na jino linauma. Nisubiri?

Usisubiri, mama. Mwambie daktari una mimba ili apige ile inayohitajika tu. Picha moja ndogo ina mionzi inayokaribia ile ya asili unayoipata kwa siku moja tu kutoka ardhini na angani, na hailengwi tumboni. Jipu lililoachwa ni hatari zaidi kwako na kwa mtoto.

SWALI: Kama ni salama, mbona mpigaji anakimbia nje?

(Kicheko.) Wewe unapigwa mara moja, yeye anapiga siku nzima, mwaka mzima. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, alikuwa akishika filamu kwa mkono wake. Akapoteza vidole, kisha mkono. Kwa hiyo mpigaji asipotoka, au asipojikinga nyuma ya ukuta, hapo ndipo uwe na wasiwasi. Hapa nchini mashine hizi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Kuuliza kama mashine ina kibali si utovu wa adabu.

SWALI (mzee, mbele): Picha ya mwaka jana niitupe?

Usiitupe, baba. Jino lililosafishwa mzizi tunalipiga tena baada ya miezi kadhaa, hata mwaka. Doa jeusi linapaswa kuwa limepungua, mfupa unajijenga polepole. Bila picha ya kwanza, ya pili hainiambii kama unapona au unazidi. Iweke kwenye bahasha pamoja na kadi yako, mbali na jiko, uje nayo.