Mwisho wa Hadithi: Utamaduni Pendwa na Kijana Anayejitafuta

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mliokubali kuja kusikiliza jambo ambalo wengi hulikwepa, asanteni. Nitashika filamu moja, maana nikitawanya mifano nitawachosha.

Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya mwongozaji Wanuri Kahiu, majuma machache kabla haijawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kura za mtaa mmoja wa Nairobi, wanapendana. Wanafumaniwa, wanapigwa na majirani, Ziki anapelekwa London. Bodi ilidai filamu inakuza usagaji. Lakini Kahiu amesimulia kwamba kabla ya hapo alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Akakataa.

Tukae hapo kwenye mwisho. Mtoto wa Kikamba hufunzwa Ukamba na mama yake. Mtoto wa Kiislamu hufunzwa dini yake chuoni. Kijana anayehisi moyo wake umeelekea kwa mwenzake wa jinsia moja, nani nyumbani atamfunza kuishi hivyo? Hujitafuta kwenye simu na televisheni, na anachokikuta huko ndicho anachoanza kujijenga nacho. Anakuta nini? Katika vichekesho vyetu, mwanamume mwenye madaha ya kike huingia, watu wakacheka, akatoka. Katika filamu nyingi za Nollywood, msichana aliyependa msichana huishia kufa, kupata wazimu, au kuombewa na mchungaji atolewe pepo. Hollywood nayo haikuwa na nafuu: kuanzia 1934 kanuni za studio zilizuia mapenzi hayo yasionyeshwe, na zilipolegezwa miaka ya 1960, wahusika wa namna hiyo waliingia, wengi wao wakafa kabla filamu haijaisha.

Kijana akiyaona hayo mwaka baada ya mwaka, hajui tu kwamba anachekwa. Anaamini hatafika utu uzima. Hilo linaniumiza kuliko tusi lolote. Ndiyo maana Kena kubaki hai, na Ziki kurudi, ni jambo kubwa kuliko busu lililozua kelele zote zile.

Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisitisha marufuku kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Amri iliruhusu watu wazima pekee. Wenye umri wa shule, ambao hadithi hii ingewafaa zaidi, walibaki na vipande vya mtandaoni. Na habari, bila shaka. Mahakama Kuu ilipoidhinisha marufuku Aprili 2020, hata asiyewahi kuiona filamu alisikia.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Utamaduni pendwa hauishii kwenye skrini. Unaendelea sebuleni, baba anapobadilisha stesheni kwa hasira, na katika chumba cha walimu, tunapocheka kwa sauti inayofika hadi nje. Siwaombi muwaonyeshe wanafunzi filamu iliyopigwa marufuku. Ninaomba mwanafunzi akiitaja darasani, asifukuzwe wala asizomewe. Mwulize ameelewa nini, na angependa hadithi iishie wapi. Kisha nyamaza, umsikilize.