Tope Lililogeuka Jiwe: Mhadhara Kuhusu Miamba ya Mashapo ya Tendaguru

Shikamooni wazee wangu. Walimu na wanafunzi, hamjambo.

Shuleni tunakaririshwa kwamba miamba ni ya aina tatu, mwanafunzi anazitaja, anapata alama zake, mambo yanaishia hapo. Leo nawaomba tukae na aina moja tu, miamba ya mashapo, yaani mchanga na tope lililotua likageuka jiwe, na mahali pamoja tu: Tendaguru, kilima kilichoko bara ya mji wa Lindi, kilomita 60 hivi kuelekea kaskazini magharibi. Mwamba wa namna hii husomwa tabaka kwa tabaka, na anayeusoma hupata habari za mito na bahari zilizotoweka kabla binadamu hajakuwapo.

Tuanzie nchi ya juu. Jiwe gumu la matale linapasuka nyufa, maji ya mvua yenye tindikali hafifu yanapenya, mizizi inapanua njia. Baadhi ya madini yake yanaoza na kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi, madini mengine magumu ya jiwe hilo, haiozi kirahisi. Inabaki punje punje, na ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mnaouona mitoni. Mto unavizoa vyote. Ukienda kasi husukuma hata mawe. Ukipungua kasi huangusha kokoto kwanza, kisha mchanga, na tope laini husafiri hadi penye maji yaliyotulia. Ndiyo maana ukishika kipande cha jiwe la mchanga na kutazama ukubwa wa punje zake, unapata kujua nguvu ya maji yaliyozileta. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa mno.

Lakini kutua peke yake hakutoshi, kwa sababu mafuriko ya masika yajayo yanaweza kuzoa kila kitu upya. Mashapo hudumu pale ardhi inapodidimia polepole na kuendelea kuyapa nafasi. Pwani yetu ilipata bahati hiyo. Zamani Madagaska ilikuwa imeshikana na upande huu wa Afrika. Ilipoanza kujitenga, katika kipindi cha Jurasiki, ukingo wa bara ukadidimia, bahari ikaingia, na mito ikawa inamwaga mzigo wake humo kwa mamilioni ya miaka.

Tope bichi zaidi ya nusu ya ujazo wake ni maji. Linapofunikwa na tabaka jingine, na jingine tena, uzito unayakamua yale maji na vipande vyake vinalala bapa vikigusana. Mchanga haukamuliki hivyo, kwa kuwa punje zake ni ngumu na nafasi kati yake hubaki. Humo maji ya chini ya ardhi hupita yakiwa na madini yaliyoyeyuka, nayo huganda kidogo kidogo ukutani mwa kila nafasi: mara chokaa, mara silika ambayo ni jamaa ya kwatzi, mara kutu ya chuma inayolipa jiwe rangi nyekundu. Madini hayo ndiyo yanayozigandisha punje pamoja. Hakuna tanuri wala volkano katika kazi hii, na wanafunzi wengi wanaoniuliza huwa hawaamini.

Sasa twende kilimani. Tabaka za Tendaguru zina umri wa miaka milioni 150 hivi, na mpangilio wake ni wa ajabu. Kuna tabaka la tope na mchanga laini lenye mifupa ya dinosaria. Juu yake jiwe la mchanga lenye makombe na konokono wa bahari. Juu yake tena mifupa, kisha tena makombe. Mara tatu hali ya nchi kavu na wangwa inafuatwa na ya baharini. Pwani ilisogea, ikarudi, ikasogea. Baadhi ya miguu ya wanyama wale ilikutwa imesimama wima ndani ya jiwe, dalili kwamba walizama katika tope wakashindwa kujinasua. Tope lile lile lililowanasa ndilo lililowatunza.

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliripoti mifupa hiyo. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuumizwa na vita vya Maji Maji. Mamia ya watu wa huku walichimba, na wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mifupa ya dinosaria mmoja, Giraffatitan, imesimama Berlin hadi leo, kimo chake mita 13 hivi. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la kutambua mfupa ndani ya mwamba, na mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina lake: Australodocus bohetii. Nataka kila mwanafunzi wa Lindi alijue jina hilo kabla ya kujua la Sattler.

Kuna aliyeuliza mlangoni kama miamba hii ina faida yoyote ya leo. Ipo. Nilisema madini huganda kati ya punje za mchanga. Mara nyingi hayajazi kila nafasi. Katika nafasi zilizobaki ndani ya mawe ya mchanga ya kisiwa cha Songo Songo ndimo ilimokaa gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004.

Na aliyeuliza kama kazi hii bado inaendelea, namwelekeza Rufiji. Mto ule umeijenga delta yake kwa tope la nyanda za juu, na mikoko imeota juu yake. Tangu kujengwa Bwawa la Nyerere, sehemu ya tope hilo inatua nyuma ya ukuta badala ya kufika baharini. Ningependa vijana wenye nguvu waanze kupima sasa, kila masika, ni kiasi gani kinachofika deltani, maana mikoko inategemea jibu lake.