Cheti si hirizi: wageni wanarudi Kilwa na Mikindani

(Kipindi kilirekodiwa Agosti 2021)

SOMOE: Haya, tuko hewani. Mimi Somoe nipo Kilwa Masoko, kaka Hashimu yuko Mikindani, wote tunatembeza wageni. Na leo ukianza na "mgeni njoo, mwenyeji apone", nakata simu.

HASHIMU: (anacheka) Basi nimeumeza. Dada, simu zimeanza kulia. Anga iliyofungwa kwa ajili ya korona ilifunguliwa Mei mwaka jana, lakini huku kusini wageni walikuwa wa kuhesabu. Sasa wanauliza ufukwe wa Msimbati, wanauliza magofu, wanauliza nyangumi.

SOMOE: Cha kwanza wanauliza nini?

HASHIMU: Bei! Halafu kama ufukweni ni lazima barakoa.

SOMOE: Msimbati, upepo ule, umekaa na mkeo mliyekuja naye? Vua, upigwe na upepo. Mimi ufukwe haunitishi. Kinachonitisha ni ile gari inayotoka Nangurukuru vioo vimefungwa kisa kiyoyozi, watu saba ndani, wanaimba. Fungua vioo, vumbi litafutwa.

HASHIMU: Lakini wana vyeti. Tangu Mei hii mgeni anayetoka nje anakuja na cheti cha kipimo cha korona cha ndani ya saa 72, na uwanjani anapimwa tena.

SOMOE: Cheti si hirizi, kaka. Kinakwambia hali yake siku aliyopimwa. Hapo katikati kuna ndege, hoteli ya Dar na basi. Halafu tunasahau kwamba mgeni si mzungu peke yake. Familia ikitoka Dar na gari yake kuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, nani anaipima?

HASHIMU: Hakuna. Na hao ndio wengi.

SOMOE: Ndio wengi, na ndio waliotulisha mwaka jana, tusiwaseme vibaya.

HASHIMU: Sasa mimi naogopa kitu kimoja. Nikimtumia mtu orodha ya masharti, anahamia kwa jirani asiye na masharti. Biashara yenyewe ndiyo inachechemea.

SOMOE: Anza na hela, basi. Unachukua advansi?

HASHIMU: Nusu. Kishika uchumba.

SOMOE: Akiugua siku mbili kabla ya safari?

HASHIMU: ...Hairudi.

SOMOE: Ndiyo hapo! Mtu akijua hela yake imeshakufa, atakuja na homa yake. Atameza panadol, atakwambia ni uchovu wa safari. Na si kwamba ana roho mbaya, umemfunga mwenyewe. Mwambie mapema: ukijisikia vibaya, piga simu, tunasogeza tarehe, hela yako ipo. Hilo litakusaidia kuliko mabango kumi ya nawa mikono.

HASHIMU: Kama hela ya boti nimeshampa nahodha?

SOMOE: Ongea na nahodha. Naye ana mama nyumbani.

HASHIMU: Sawa. Hapo umenishika.

SOMOE: Huku kwetu, kuvuka kwenda Kisiwani, mashua ya watu kumi tunapakia watano. Baharini hewa ipo, shida ni pale wanapobanana kupanda na kushuka. Kule Msikiti Mkuu, ule upande wenye kuba, wanaingia wachache, wengine wanasubiri nje. Umesimama tangu enzi za masultani, hauondoki leo. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, na yeye alikuja na jahazi, hakuwa na haraka.

HASHIMU: (anacheka) Mimi shida yangu ni salamu. Mgeni kafundishwa shikamoo, anataka ampe mkono kila mzee wa Mikindani. Mzee naye hawezi kukataa mkono wa mgeni, ataona aibu.

SOMOE: Basi wewe uliyeongozana naye ndiye umwambie, mkiwa bado kwenye gari. Mkono kifuani, shikamoo, inatosha. Usimwachie mzee kazi ya kukataa.

HASHIMU: Na akina mama wa pweza. Bamvua ikifika, maji yametoka mbali, wameinama mwambani wanachokoa, mtu anawasogelea na simu mpaka puani.

SOMOE: Hilo lilikuwa kosa hata kabla ya korona! Aombe kwanza, asimame mbali.

HASHIMU: Kweli. Maana mtu akizidiwa kule Msimbati, mpaka umfikishe hospitali ya Ligula, barabara yenyewe unaijua. Mgeni ana bima ya kumrudisha kwao. Yule mama hana.

SOMOE: Na nyinyi waongozaji, chanjo imezinduliwa tarehe 28 Julai, Janssen, sindano moja tu. Usimdai mgeni cheti huku wewe unakwepa sindano.

HASHIMU: Nakwenda wiki hii. Usinitangaze.

SOMOE: Nimeshakutangaza. Haya, soma ujumbe utakaowatumia wageni wako.

HASHIMU: "Karibu Mikindani. Ukijisikia homa, kikohozi au mwili kuchoka, usisafiri. Tupigie, tutabadilisha tarehe, na malipo yako hayapotei. Garini tunafungua vioo, barakoa tunavaa. Mkiwa zaidi ya watano, tunatumia boti mbili."

SOMOE: Boti ya pili analipa nani?

HASHIMU: Hapo sijaandika.

SOMOE: Andika. Akijulia ufukweni mtagombana.

HASHIMU: Analipa mgeni, basi.

SOMOE: Nusu yeye, nusu wewe. Mwaka huu tu.

HASHIMU: Dada, wewe si wakala wangu, wewe ni wakala wa mgeni!