Jinsi ya kuchora leso na kuiuza ndani ya Second Life, hatua kwa hatua

Hamjambo. Leo skrini yangu iko wazi mbele yenu, na tutafanya kazi moja mpaka iishe. Tutachora leso, tutaitundika ndani ya Second Life, tutaiwekea bei, tutaiuza. Wenzangu wa Tanzania mnaita kanga. Mimi ni mtu wa Mombasa, nitasema leso, tusigombane.

Kwa asiyejua, Second Life ni dunia ya kompyuta iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Hakuna adui wa kupiga wala pointi za kukusanya. Nyumba, nguo, nywele, mpaka kikombe cha chai kilicho mezani, karibu vyote vimetengenezwa na wakaazi wenyewe, na vinauzwa kwa sarafu ya humo humo, dola za Linden. Sarafu hiyo unaweza kuibadilisha ikawa dola za Marekani, na kwa miaka mingi bei imekuwa ikicheza karibu na 250 kwa dola moja. Shika hiyo 250, tutaihitaji baadaye.

Unahitaji kompyuta, kujenga kwa simu utajisumbua bure. Programu ya kuingilia ni ile ya kampuni yenyewe au Firestorm. Mimi natumia Firestorm, kwa hiyo ukiona dirisha langu limekaa tofauti na lako usishtuke. Akaunti ni bure. Ardhi usinunue, angalau sasa. Mtakuja kusoma habari za Anshe Chung, aliyewekwa kwenye jalada la BusinessWeek mwaka 2006 na mwaka huo huo akatangaza kwamba mali yake ya humo imepita dola milioni moja za Marekani. Lakini huyo mama alikuwa dalali wa ardhi, ananunua, anakata viwanja, anapangisha. Sisi tunauza kitambaa.

Haya, tuchore.

Nafungua GIMP, programu ya bure ya kuchora picha. Picha mpya, 1024 kwa 1024. Najua unachosema hapo ulipo: leso si mraba. Kweli, leso ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Lakini Second Life inataka vipimo vya 256, 512, 1024, na ukiiletea kipimo kingine itakibadilisha yenyewe na kukuharibia mistari. Kwa hiyo tunachora ndani ya mraba, halafu mraba tutauvuta huko ndani. Ukitaka duara katikati ya mji, yaani ule uwanja wa kati wa leso, lichore kama yai lililosimama. Likivutwa litakaa duara. Anza na pindo pande zote nne, ingia kwenye mji, malizia na jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye leso.

Jina ndilo litakalokutoa jasho. Leso yangu ya kwanza niliandika "Nilidhani nimepata kumbe nimepatikana". Kwenye GIMP ilipendeza. Kule ndani, ukirudi nyuma hatua tatu, herufi zilikuwa siafu waliojipanga mstari. Tafuta jina fupi. Leo naandika "Wema hauozi", herufi kubwa, nene, nyeusi juu ya nyeupe. Na michoro iwe yako. Usiende kupiga picha leso ya dukani, ile ina mwenyewe. Methali ni yetu sote, pindo la kiwanda si letu.

Kabla ya kuhifadhi kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mimi. Angalia mkono wangu: menyu ya "Layer", kisha "Transparency", kisha "Remove Alpha Channel". Hiyo inaondoa uwazi uliojificha kwenye picha. Usipouondoa, hata kama hakuna mahali panapoona kupita, Second Life itaihesabu leso yako kuwa kitu cha kioo. Vitu vya kioo vikikutana humo hugombania nani awe mbele. Mteja atasimama nyuma ya leso, na nywele zake zitatokeza mbele ya leso, hewani, bila kichwa. Kisha atakuandikia. Ondoa, halafu hifadhi kama PNG.

Sasa tuingie. Niko kwenye kiwanja cha wazi cha kujengea, wanaviita sandbox. Ni bure, ila ukiacha kitu hapo, baada ya saa chache kinarudishwa kwenye mzigo wako, yaani "Inventory", ghala lako la vitu vya humo. Nabonyeza Ctrl na B, dirisha la kujengea linafunguka, nachagua mchemraba, nabonyeza ardhini. Umetoka, mbao tupu ya nusu mita kila upande. Kwenye vipimo naandika X 1.5, Y 0.01, Z 1.1. Hiyo 0.01 ni sentimita moja, huwezi kushuka chini ya hapo. Sasa ni ubao mwembamba umesimama.

Kupandisha picha moja ya kipimo hiki, yaani kuiingiza Second Life (upload), kunakata dola 10 za Linden. Si nyingi, lakini ukiipandisha mara nane kwa sababu pindo limekaa vibaya, umeshachoma 80. Kwa hiyo usipandishe bado. Bonyeza uso wa mbele wa ubao, fungua kisanduku cha kuchagua picha, na utaona neno "Local". Hapo unaonyesha faili iliyo kwenye kompyuta yako na inakaa juu ya ubao bila malipo. Wewe tu ndiye unayeiona. Uzuri wake, ukirekebisha kwenye GIMP na kuhifadhi, hapa inabadilika yenyewe. Simamisha video, zunguka, soma jina ukiwa mbali, rekebisha. Ukiridhika ndipo ulipe zile 10, uiweke ile ya kweli badala ya ile ya majaribio.

Uso wa nyuma weka picha hiyo hiyo, lakini tia alama kwenye "Flip" ili jina lisomeke kinyume, na fifiza rangi kidogo. Leso ya kweli ukiigeuza inakuwa hivyo. Mteja asiyeijua leso hataona tofauti. Bibi yangu angeona.

Angalia tena palipoandikwa "Land Impact", yaani nafasi ambayo kitu kinakula kwenye kiwanja: ni 1. Namba hii itaje utakapotangaza bidhaa, kwa sababu kila kiwanja kina kikomo chake. Mwenye kiwanja cha mita za mraba 1024 kwenye bara la humo (Mainland) ana nafasi 351 tu, na nyumba imeshakula nyingi. Leso ya nafasi moja haimsumbui.

Sasa weka kikombe chini unisikilize. Kwenye dunia hii leso haichakai wala haiishi stoo. Nakala ya elfu inatoka bila gharama. Kinachouzwa hasa ni ruhusa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa dirisha la kujengea kuna alama tatu za mmiliki ajaye: Modify, Copy na Transfer. Ya kwanza inamruhusu kuibadilisha, ya pili kuinakili, ya tatu kumpa au kumuuzia mwingine.

Leso ile ya siafu niliiuza nikiwa nimeacha Copy na Transfer zote mbili zimewekwa. Ndani ya wiki nikaikuta kwenye duka la mtu mwingine kwa dola 1 ya Linden. Nilikuja juu nikidhani nimeibiwa. Sikuibiwa. Aliinunua halali, ruhusa ya kunakili anayo, ruhusa ya kuuza anayo, mimi ndiye niliyempa. Nilidhani nimepata, kumbe jina liliandikwa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo chagua moja. Kwa pambo la nyumbani mimi naweka Copy, naondoa Transfer: mnunuzi anatundika hata kumi kwake, lakini hawezi kumpa jirani. Kama unauza zawadi, geuza: Transfer ndiyo, Copy hapana. Modify naiacha, watu wanapenda kupunguza ukubwa.

Na alama hizi ziweke wakati kitu kimesimama chini, siyo kikiwa kwenye mzigo. Ukizibadilisha ndani ya mzigo, unaweza kuona zimebadilika kumbe hazijashika mpaka kitu kitolewe tena. Kisha fungua akaunti ya pili, ya bure, jiuzie mwenyewe, ujaribu kuitoa kwa mtu. Ikikataa, sawa.

Je, alama hizi zinazuia wizi? Siyo wote. Novemba 2006 ilitokea programu iitwayo CopyBot iliyonakili vitu bila kujali ruhusa, na wenye maduka wengi wakafunga milango kwa kulalamika. Ukiibiwa leo, unapeleka malalamiko kwa Linden Lab kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani. Ndiyo maana faili lako la GIMP lenye matabaka (layers) yote usilifute, ndilo ushahidi kwamba mchoro ni wako.

Tunapeleka sokoni. Ndani ya programu fungua dirisha la "Marketplace Listings", kokota leso kutoka kwenye mzigo uiangushe humo, halafu ukamilishe tangazo kwenye tovuti. Picha ya tangazo ipige humo ndani: leso kwenye kamba, jua la jioni, mkeka chini. Usiweke mchoro mtupu uliolala, mtu atauchukua vile vile ulivyo. Na usiandike "leso" peke yake. Wateja wengi wa humo ni Wamarekani na Wazungu, hawaijui; maneno ya kutafutia weka na ya Kiingereza, taja kitambaa, taja Afrika Mashariki, taja Mombasa. Kisha eleza kwa sentensi moja maana ya jina lililoandikwa. Ile sentensi inauza kuliko picha.

Bei. Mimi naweka 99. Marketplace inachukua asilimia 10, unabaki na 89. Leta ile 250: ni kama senti 35 za Marekani. Ili upate dola 100 unahitaji wanunuzi 280 na kitu. Nimepiga hesabu hii mbele yenu makusudi, kwa sababu kuna video zinazosema utaacha kazi mwezi ujao. Leso moja haikuachishi kazi. Leso arobaini zenye majina arobaini, labda zinalipa intaneti na umeme.

Kama utapanga kibanda cha duka kule ndani, kuna mtego mmoja. Unapoweka kitu kiuzwe unaulizwa unauza "Original", "Copy" au "Contents". Chagua Copy. Ukichagua Original, mteja wa kwanza anaondoka na ile uliyoitundika, na wa pili anakuta kamba tupu.

Akija mtu akuahidi riba kwenye dola zako za Linden, mkimbie. Mwaka 2007 "benki" moja ya humo iliyoitwa Ginko ilianguka na pesa za watu, na Januari 2008 Linden Lab ikapiga marufuku mabenki ya namna hiyo. Ni upatu ule ule mnaoujua.

Mwisho, kutoa pesa. Unauza dola za Linden kwenye soko lao rasmi, LindeX, zinakuwa dola za Marekani kwenye akaunti yako, kisha unaomba zipelekwe PayPal. Utaombwa kitambulisho, na jina lifanane na la PayPal, herufi kwa herufi. Kabla hujachora hata pindo moja, hakikisha PayPal ya nchi yako inaruhusu kupokea, siyo kulipa tu. Sisi wa Kenya tunapokea, na tunaunganisha na M-Pesa. Usimuuzie mtu baki pembeni hata akikupa bei tamu, akaunti itafungwa. Ada hukatwa kila unapotoa, kwa hiyo mimi sitoi kila wiki. Naziacha zikae, nachora leso ya pili. Hii hapa nimeshaianza: pindo limekamilika, mji umekamilika, jina bado natafuta la maneno mawili.