Tumbo na amri zake: mhadhara uliotolewa Bukavu

Wamama, wababa, nanyi wanafunzi wa uuguzi mliopanda hadi hapa Kadutu na jua hili kali, asanteni kwa kufika. Mmeniomba nieleze jinsi utumbo unavyosukuma chakula. Nitaeleza, ila nia yangu naisema mapema. Dawa nyingi tunazonunua kwa ajili ya tumbo, zile za kufunga kuhara na zile za kutuliza mkazo, haziendi kupambana na vijidudu. Zinakwenda moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu na misuli. Asiyejua mishipa hiyo inafanya kazi gani anaweza kumuumiza mtoto wake akidhani anamponya, na jambo hilo linanisumbua sana.

Mwaka 1899, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakamfungua tumbo, wakakata mishipa ya fahamu yote inayoingia kwenye utumbo kutoka nje. Kisha wakaweka tonge dogo ndani ya utumbo. Utumbo ukajikaza upande wa juu wa tonge, ukalegea upande wa chini, na tonge likasogea kuelekea njia ya haja kubwa. Ubongo haukuwa tena na njia ya kutuma amri, na kazi iliendelea. Mwaka 1917, Mjerumani Paul Trendelenburg akaenda mbali zaidi: alichukua kipande cha utumbo wa dende, yaani simbilisi, mnyama huyu huyu tunayemfuga jikoni hapa Kivu, akakiweka nje ya mwili katika maji ya chumvi yenye joto. Alipokijaza maji kwa ndani, kikaanza kusukuma, wimbi baada ya wimbi.

Basi amri inatoka wapi? Inatoka ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta huo una tabaka mbili za misuli laini, yaani misuli isiyongoja mtu atake. Ya ndani inazunguka kama pete, ya nje imelala kwa urefu. Katikati yake kuna wavu wa seli za fahamu alioueleza Leopold Auerbach mwaka 1862. Chini ya utando wa ndani kuna wavu wa pili, ule wa Georg Meissner. Wa Auerbach unaongoza zaidi mwendo, wa Meissner unaongoza zaidi maji na majimaji mengine yanayoingia na kutoka. Seli za fahamu za utumbo zinazidi milioni 100. John Langley wa Cambridge, mwaka 1921, aliutaja mfumo huu kuwa sehemu inayojitegemea, na mimi naona alikuwa na haki kabisa.

Sasa tufuate tonge moja la bugali na sombe. Limeshatafunwa, limepita tumbo la chakula, limeingia utumbo mwembamba likiwa uji mzito. Linapita likisugua utando na kuutanua. Ndani ya utando huo zimetawanyika seli zilizobeba serotonini. Wengi wamesikia serotonini ikitajwa kwa habari ya huzuni na furaha, lakini sehemu kubwa sana ya serotonini ya mwili, karibu asilimia 90 au zaidi, imo tumboni. Seli zikibanwa huimwaga. Serotonini inaamsha mishipa inayohisi, nayo inapeleka habari pande mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa juu, nyuma ya tonge, mishipa inamwaga asetilkolini pamoja na kemikali nyingine iitwayo dutu P. Asetilkolini inashika msuli, madini ya kalisi yanaingia ndani ya seli za msuli, nyuzi zake zinavutana, pete inabana. Upande wa chini, mbele ya tonge, mishipa mingine inatoa oksidi ya nitriki na kemikali nyingine za kulegeza, na msuli unalegea. Wanafunzi, hapa nawaomba mkae kidogo. Watu hufikiri kusukuma ni kukaza tu. Mbele kusipolegea, kukaza kwa nyuma kunaleta maumivu bila mwendo wowote. Kulegea nako ni kazi, nako kunahitaji mshipa wa fahamu na kemikali yake. Tutalirudia hili tukifika kwa watoto wachanga.

Kuna na jambo la mdundo. Mmewahi kuwasikia wavuvi wa sambaza wakiimba usiku ziwani. Wimbo hausogezi mtumbwi, ila unawaambia wapiga kasia wavute lini. Utumbo nao una waimbaji wake: seli zilizogunduliwa na Mhispania Santiago Ramón y Cajal, zilizokaa kati ya mishipa na misuli. Zinatoa mawimbi ya umeme polepole bila kuchoka, kiasi cha mara 3 kwa dakika kwenye tumbo la chakula, mara 12 hivi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, zikipungua hadi 8 hivi mwishoni mwake. Mawimbi yanaweka saa ya kubana. Kama msuli ubane kwa nguvu au utulie, hilo linategemea kemikali zilizomwagwa na mishipa wakati huo.

Hata usipokula, kazi ipo. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi wimbi kali linafagia tumbo na utumbo mwembamba, likiondoa mabaki na bakteria. Ile ngurumo ya njaa mara nyingi ndiyo hiyo. Homoni iitwayo motilini ndiyo inayochochea wimbi hilo kwenye tumbo la chakula. Na ninyi mliowahi kumeza erithromisini mkaumwa na tumbo, sababu mojawapo ni hii: dawa hiyo, licha ya kuua bakteria, inashika mahali pale pale motilini inaposhika, na tumbo linajikaza.

Ubongo haukutengwa. Mshipa mrefu wa vagasi unaunganisha tumbo na kichwa, na nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu kuliko zinazoleta amri chini. Mishipa mingine inayotoka uti wa mgongo inamwaga noradrenalini na kupunguza mwendo. Wengi wetu hapa tumelala usiku wa risasi. Chakula kinakaa tumboni kama jiwe, na wakati huo huo mtu anakimbilia choo. Hofu inachelewesha tumbo la chakula na kuharakisha utumbo mpana. Aliyepatwa na hayo hakuwa mwoga. Ni mwili wake uliofanya kama miili ya binadamu inavyofanya.

Tuje kwenye dawa. Loperamidi, dawa ya kufunga kuhara, ni ndugu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwa tabia. Inakwenda kwenye wavu wa Auerbach, inapunguza asetilkolini inayomwagwa, na utumbo unanyamaza. Mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo anaweza kuitumia kwa muda mfupi. Mtoto mdogo, hapana. Utumbo wake unaweza kupooza, tumbo likavimba, na sumu ya vijidudu ikabaki ndani. Katika kipindupindu hatari ni kubwa zaidi. Sumu ya kipindupindu inafanya seli za utando zimwage chumvi na maji ndani ya utumbo, tena watafiti wa Göteborg, Uswidi, walionyesha kwamba sehemu ya kumwaga huko inapitia serotonini na mishipa ya fahamu ya utumbo. Ukifunga mwendo, maji hayaachi kutoka kwenye damu. Yanajaa utumboni mahali usipoyaona. Mama anaona choo kimepungua, anashukuru, na mtoto anakauka mikononi mwake. Jirani zetu wa Goma waliona Julai 1994 jinsi kipindupindu kinavyoua haraka watu wakikosa maji yenye chumvi na sukari.

Dawa ya kwanza ya mtoto anayehara ni pakiti ya chumvi na sukari iliyochanganywa kwa lita moja ya maji safi, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na titi liendelee. Pakiti hiyo ina potasiamu, nayo imewekwa kwa sababu. Kuhara kunaitoa potasiamu mwilini, na ikipungua mno misuli inashindwa kubana, hata ile ya utumbo. Ndiyo maana mtoto aliyehara sana anaweza kuanza kuvimba tumbo lililo kimya. Ndizi inasaidia kuirudisha, na ndizi tunazo.

Naona mkono wa mama pale. Anauliza kuhusu dawa za shambani. Asante, mama, nilikuwa nataka kufika huko. Baadhi ya dawa za kuua wadudu ni za kundi la ogani-fosfati. Mwilini kuna kimeng'enya kinachovunja asetilkolini mara inapomaliza kazi, na dawa hizo zinakizuia. Asetilkolini inarundikana. Mtu anatoka mate na jasho, anatapika, tumbo linamkata, anahara, mboni za macho zinakuwa ndogo, kisha pumzi inabanwa. Watu wakadhani amekula chakula kibaya. Hospitali inatumia atropini kuziba milango ya asetilkolini. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa kitu kutoka chupa ya shambani apelekwe upesi sana, na chupa ipelekwe pia. Na tuache kabisa kuweka dawa hizo katika chupa za soda.

Kwa wauguzi wa upasuaji, neno moja fupi. Mgonjwa akipasuliwa tumbo, utumbo unanyamaza kwa muda, na utumbo mpana ndio wa mwisho kuamka, mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Ndiyo sababu mnamuuliza mama aliyepasuliwa kama ametoa hewa. Kutafuna chingamu kunasaidia hewa itoke mapema, kwa kuwa utumbo unapata habari kwamba chakula kinakuja.

Nimebakiza watoto wachanga. Mwaka 1886 daktari wa watoto wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, alieleza mjini Berlin habari za watoto wawili waliokufa wakiwa na utumbo mpana uliovimba kupita kiasi. Baadaye ilijulikana kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo wao haikuwa na seli za fahamu. Mimba ikiwa changa, seli hizo zinasafiri kutoka upande wa shingo zikishuka hadi mwisho wa utumbo. Kwa mtoto mmoja kati ya 5,000 hivi, hazifiki. Pale zisipofika hakuna anayemwaga kemikali ya kulegeza, kwa hiyo sehemu hiyo inabaki imebana siku zote na choo kinarundikana nyuma yake.

Mtoto mchanga mwenye afya kwa kawaida hutoa choo cha kwanza, kile cheusi, ndani ya saa 24. Zikifika 48 hajatoa, tumbo linavimba, au anatapika kijani, msimpige lavema (dawa inayotiwa kwa njia ya haja kubwa) ya majani wala pilipili. Dawa hizo zinachoma utando, na hakuna mshipa pale wa kuitikia. Mpelekeni kwenye hospitali yenye daktari mpasuaji. Atachukua kipande kidogo cha ukuta wa njia ya haja kubwa kitazamwe kwa darubini. Seli zikikosekana, ile sehemu inakatwa na utumbo wenye mishipa hai unashushwa mahali pake, upasuaji ambao Orvar Swenson aliuonyesha Boston mwaka 1948 na ambao umewapa watoto wengi maisha ya kawaida. Karibuni kwa maswali, na wakunga waanze.